UZI: Nimepiga kura ya madiwani Ireland bila kuwa raia. Karibuni tuongelee halmashauri za kaunti za huku zinavyoundwa

Mjukuu wa Bibi Tatu (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam. Juzi kwenye uzi mwingine nilidokeza kwamba Juni 2024 nilipiga kura huku Ireland, na pasi niliyonayo kabatini ni ya Tanzania. Mmoja akaniuliza nimekula maharage ya wapi. Nikaona nisimjibu kwa mkato, nifungue uzi kabisa, maana mambo ya halmashauri za huku yana utamu na vituko vyake.

Naishi Letterkenny, kaunti ya Donegal, juu kabisa kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Msichanganye: Donegal iko kaskazini, lakini ni ya Jamhuri ya Ireland, siyo ile "Ireland ya Kaskazini" iliyo chini ya Uingereza. Ukivuka daraja pale Lifford unaingia Strabane na pesa inageuka kutoka yuro kuwa pauni. Ninayoandika hapa ni ya upande wa Jamhuri.

Ilianza hivi. Nimelala baada ya zamu ya usiku, mlango unagongwa. Nafungua, mzee mmoja amesimama na vipeperushi, mvua inamnyeshea, wala hana habari nayo. Hakuniambia "nipigie kura". Aliniambia: "Kama namba moja umeshampa mtu, mimi nipe mbili." Nikabaki namtazama (huku mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, mtaelewa mbele). Nikamwambia mimi si raia. Akauliza: unaishi hapa? Umefika miaka 18? Basi wewe ni mpiga kura wangu.

Nikadhani ananitania. Kumbe ndivyo sheria yao ilivyo. Kura ya Rais na ya maoni ni ya raia wa Ireland tu. Kura ya bunge lao, Dáil, ni ya raia wa Ireland na wa Uingereza wanaoishi nchini. Kura ya Bunge la Ulaya ni ya raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Lakini kura ya madiwani ni ya yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea anayeishi kwenye eneo husika na aliyejiandikisha. Hawaulizi umetoka wapi. Hata kugombea, ukiwa mkazi mwenye umri huo, unaruhusiwa.

Siku yenyewe, tarehe 7 Juni 2024, jirani yangu raia alipewa karatasi mbili, moja ya madiwani na moja ya Ulaya. Ile ya Ulaya kwa kanda yetu ilikuwa na wagombea 27, ndefu kama shuka. Mimi nilipewa moja tu. Niliishika kwa mikono miwili.

Sasa muundo. Jamhuri nzima ina serikali za mitaa 31: halmashauri za kaunti 26, za jiji tatu (Dublin, Cork na Galway), na mbili zilizounganishwa jiji na kaunti yake (Limerick na Waterford). Madiwani wote nchi nzima ni 949. Cork kaunti ina 55, Leitrim ina 18, sisi Donegal tuna 37.

Hao 37 hawachaguliwi kata kwa kata, diwani mmoja mmoja kama kwetu. Kaunti imegawanywa maeneo saba ya uchaguzi na kila eneo lina viti kadhaa: Letterkenny 7, Donegal mjini 6, Glenties 6, Lifford-Stranorlar 6, Buncrana 5, Carndonagh 4 na Milford 3. Kwa hiyo mimi nina madiwani saba. Nikiwa na shida, nikimkosa mmoja nakwenda kwa mwingine, na wote wanajua hivyo, ndiyo maana yule mzee alikuwa tayari kulowana kwa ajili ya namba mbili.

Nitaendelea. Ulizeni.


Kobe Mpole:

Mkuu, samahani, mimi ndiye niliyeuliza ya maharage. Bado siamini. Hata mtu aliyekuja kuomba hifadhi anapiga kura?


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Hata huyo. Tafuta habari za Rotimi Adebari. Mnigeria, aliingia Ireland mwaka 2000 akiomba hifadhi. Mwaka 2004 akachaguliwa diwani wa mji wa Portlaoise, na 2007 wenzake wakamfanya meya, meya wa kwanza mweusi katika nchi hii. Miaka saba tu, kutoka foleni ya wakimbizi hadi mkufu wa meya shingoni. Baadaye 2019 Yemi Adenuga, naye mzaliwa wa Nigeria, akaingia halmashauri ya kaunti ya Meath, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa diwani Ireland.

Wanaijeria wametutangulia mbali sana kwenye hili. Sisi Waswahili bado tunabishana kama inaruhusiwa.


Mwana wa Kaunti:

Sasa nyinyi mnasema kaunti, mimi Mkenya nasikia gavana. Huku kwetu tuna kaunti 47, gavana anachaguliwa na wananchi, wawakilishi wa wadi wanakaa bunge la kaunti wanamkaba koo. Gavana wa Donegal ni nani?


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Hakuna gavana, ndugu yangu. Na hapa ndipo penye kiini cha uzi wenyewe.

Kuna mwenyekiti, kwa Kiairishi anaitwa Cathaoirleach, tamka "kahirlakh" na ile "kh" itoke kooni kama ya Kiarabu. Huyo anachaguliwa na madiwani wenyewe, kwa mwaka mmoja tu, kwenye kikao cha Juni. Vyama vikishakubaliana vinagawana miaka mitano kama watu wa kijumbe: mwaka huu wewe, mwakani mimi. Anaongoza vikao, anavaa mkufu, anapokea wageni.

Anayeendesha kaunti ni Mtendaji Mkuu. Huyu ni mwajiriwa. Anapatikana kwa usaili wa ngazi ya taifa, kisha baraza linampitisha, mkataba wake ni miaka saba na unaweza kuongezwa mitatu. Vibali vya ujenzi, nani apewe nyumba ya halmashauri, wafanyakazi, mikataba, yote yapo chini ya kalamu yake. Sheria imegawa kazi mafungu mawili: yaliyowekwa kwa ajili ya madiwani, na yote yasiyotajwa kwenye fungu hilo ni ya Mtendaji Mkuu. Someni tena hiyo sentensi. Kisichotajwa ni chake.


Afisa Mstaafu:

Nimefanya kazi halmashauri za Tanzania miaka 27, ninachokisoma hapa nakifahamu kwa harufu. Baraza la madiwani, mwenyekiti anayechaguliwa na madiwani, mkurugenzi mwenye kalamu. Tofauti ni kwamba mkurugenzi wetu anateuliwa na Rais. Huko nani alileta mfumo huu? Na madiwani wamebakiziwa nini hasa?


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Mzee wangu, shikamoo. Swali zuri, nitajaribu.

Halmashauri zenyewe ni za zamani, sheria ya 1898 wakati Ireland nzima ikiwa chini ya Uingereza, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1899. Kabla ya hapo kaunti ziliendeshwa na mabaraza ya wenye ardhi. Kura ile ilihamisha madaraka ya vijijini kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo.

Nchi ilipojitawala, serikali mpya haikuwaamini madiwani. Mwaka 1924 ikavunja mabaraza ya Dublin na Cork na kuweka makamishna. Aliyepelekwa Cork aliitwa Philip Monahan. Sheria ya 1929 ilipounda cheo cha meneja wa jiji pale Cork, yeye ndiye akawa wa kwanza. Wazo lenyewe lilitoka miji ya Marekani: siasa ziachwe kwa wanasiasa, uendeshaji apewe mtaalamu. Sheria ya 1940 ikaupeleka mfumo kwenye kaunti zote. Jina "meneja" limekufa 2014, sasa ni Mtendaji Mkuu, ila kiti ni kilekile.

Walichobakiziwa madiwani: kupitisha bajeti ya mwaka, kupitisha mpango kabambe wa ardhi, kutunga sheria ndogo, na kupandisha au kushusha kodi ya majengo ya makazi ndani ya asilimia ambayo sheria inaruhusu. Kodi hiyo ni ya 2013 tu. Ya zamani ilifutwa baada ya uchaguzi wa 1977, ahadi tamu ya kampeni, na tangu hapo halmashauri zikawa zinaishi kwa kuitegemea Dublin.

Na bajeti wasipoipitisha, waziri anaweza kulivunja baraza. Si maneno matupu: mwaka 1969 baraza la jiji la Dublin lilivunjwa kwa kugoma kupanga kodi, likakaa bila madiwani miaka kadhaa.


Afisa Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mpango wa ardhi ndipo nitakapokuuliza. Kwetu ukitaka kujua diwani anapata wapi gari, angalia viwanja.


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Mzee, umegusa donda lao. Uwezo wa kusema "shamba hili sasa ni eneo la nyumba" ulikuwa mikononi mwa madiwani, na shamba likibadilishwa matumizi thamani yake inaruka mara nyingi kwa usiku mmoja. Mwaka 1997 iliundwa tume ya uchunguzi, Mahon Tribunal kama inavyojulikana sasa, kuchunguza rushwa kwenye mipango ya ardhi Dublin. Ilitoa ripoti ya mwisho 2012, miaka 15 baadaye, na ikathibitisha kwamba fedha zilikuwa zinatembea kwa madiwani kwa ajili ya kura za ardhi.

Kulikuwa pia na njia ya madiwani kupitisha azimio la kumwamuru meneja afanye jambo fulani. Waliitumia mno kulazimisha vibali vya ujenzi vya watu wao. Azimio la namna hiyo bado lipo kisheria, ila tangu 2014 haliruhusiwi kugusa mambo ya vibali. Kila walipoharibu, kidole kimoja kilikatwa. Ukiuliza kwa nini diwani wa Ireland hana nguvu, sehemu ya jibu ni hiyo, na wenyewe hawapendi kuisikia.


Binti Likoni:

Jamani hodi. Mimi niko Kildare mwaka wa tisa, na 2024 nilijitolea kwenye ukumbi wa kuhesabia kura, nilikuwa na beji ya mgombea mmoja. Naona hesabu ya kura hujaigusa, mwanzisha uzi. Niruhusu.

Karatasi ina majina yote kwa alfabeti, na picha ya mgombea pembeni. Huweki alama ya tiki, unaandika namba: 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, 3, 4, mpaka utakapochoka. Kura yako ni moja, lakini ina miguu: ikikwama kwa mmoja inatembea kwa mwingine.

Kushinda kuna kiwango. Chukua kura halali, gawa kwa idadi ya viti ukijumlisha kimoja, kisha ongeza kura moja. Tuchukue Letterkenny ya mwanzisha uzi, viti 7, na tuseme kwa mfano tu kura halali ni 8,000. Gawa kwa 8 unapata 1,000, ongeza moja, 1,001. Anayefika hapo amepita.

Akipata 1,201, zile 200 za ziada hazitupwi. Wanaangalia kwenye karatasi zake zote namba mbili kapewa nani, na ziada inagawanywa kwa uwiano huo. Kama nusu ya wapiga kura wake wamempa Maria namba mbili, Maria anachukua 100. Ziada zikiisha na viti bado vipo, wa mwisho kwenye orodha anaondolewa na karatasi zake zinakwenda kwa anayefuata kwenye kila karatasi. Raundi baada ya raundi. Nilikaa siku mbili, miguu ikafura.


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Dada ahsante, umeninusuru. Niongeze kwamba kila anayevuka kiwango, karatasi zake zote zinaangaliwa upya.


Binti Likoni:

La, hapo siyo, kaka. Karatasi zote zinaangaliwa kwa aliyevuka raundi ya kwanza peke yake. Aliyevuka baadaye kwa kupokea kura za mwingine, linaangaliwa lile fungu la mwisho tu la karatasi lililomvusha. Nilibishana na mzee mmoja pale ukumbini mpaka akaniletea kitabu cha sheria.

Na kitu kingine: mwishoni kabisa, wakibaki wagombea sawa na viti vilivyobaki, wanapita hata kama hawajafika kiwango. Nilimwona mtu aliyeanza wa tisa akimaliza na kiti, kwa sababu kila aliyeondolewa alikuwa amemwachia namba tatu au nne. Watu walimpenda wastani, lakini walimpenda wote.

Halafu kuna wale wa kujumlisha kwa macho. Masanduku yanapofunguliwa, vyama vyote vinasimama nje ya kizuizi na kalamu, kila mmoja anachora vijiti kadiri karatasi inavyofunuliwa. Vyama vinavyotukanana barabarani vinapeana takwimu hapo kama ndugu. Saa chache tu, kabla hata raundi ya kwanza haijatangazwa, wanajua nani amekufa na nani anapumua.


Mwana wa Kaunti:

Ngoja. Mahasimu wanapeana takwimu? Binti Likoni, unatoka Likoni ile ninayoijua mimi?


Binti Likoni:

Ileile ya feri. Ndiyo maana nilitoa macho.


Chumvi ya Pemba:

Yakhe, mie nna suali dogo. Diwani akifa au akijiuzulu, uchaguzi mdogo?


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Hakuna uchaguzi mdogo wa udiwani. Chama chake kinapendekeza mtu na baraza linamwingiza. Kwa hiyo unaweza kukuta diwani ambaye hajawahi kupigiwa kura na mtu, na 2029, uchaguzi ujao, anasimama kama mwenye kiti. Mimi hili silipendi hata kidogo. Sababu yao ni kwamba uchaguzi mdogo wa kiti kimoja ungeharibu uwiano wa vyama, na kihesabu wana hoja.

Jambo jingine wamelifunga: huwezi kuwa mbunge na diwani kwa wakati mmoja. Zamani iliruhusiwa, ikapigwa marufuku kuanzia uchaguzi wa 2004. Na diwani akichaguliwa tu bungeni, kiti chake cha udiwani mara nyingi anajazwa mtu wa karibu naye. Nyie mjazie wenyewe.


Kobe Mpole:

Kwa hiyo diwani ni pambo. Bajeti anapitisha iliyoandikwa na mwingine, kibali hatoi, nyumba hagawi, akifa anarithiwa. Analipwa ngapi kwa upambo huo?


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Julai 2021 malipo yao yaliwekwa yuro 25,788 kwa mwaka. Kwa gharama za huku siyo utajiri, wengi wana kazi nyingine.

Pambo sikubali moja kwa moja. Hapa Donegal maelfu ya nyumba zilijengwa kwa matofali yenye madini yanayoyala kutoka ndani. Watu wanaiita habari ya mika. Ukuta unapasuka kama mkate uliokauka, unaweza kuumega kwa vidole. Mwaka 2021 wenye nyumba waliandamana mpaka Dublin kudai fidia ya asilimia 100. Wakaunda chama, wakakiita hivyohivyo, Asilimia 100 ya Fidia, na Juni 2024 kikapata viti vinne kati ya 37. Chama cha watu wenye kuta zilizopasuka! Miezi mitano baadaye mwenzao mmoja, Charles Ward, akaingia Dáil. Halmashauri haina fedha ya kujenga nyumba hizo upya, fedha iko Dublin, lakini udiwani ndio uliokuwa ngazi.

Na kuna nguvu za pembeni ambazo watu hawazioni. Seneti yao ina viti 60, na 43 kati ya hivyo wapiga kura wake ni madiwani, wabunge na maseneta wanaomaliza muda. Madiwani ndio wengi. Urais pia: ukikosa wabunge na maseneta 20 wa kukupendekeza, halmashauri nne zinatosha. Ilitumika mara ya kwanza 1997, mwimbaji Dana akapenya kwa njia hiyo. Kwa hiyo kila mwenye ndoto ya Ikulu ya Dublin anazunguka kaunti kubembeleza madiwani wa Leitrim.


Afisa Mstaafu:

Na miji midogo? Huko ndiko wananchi wanakoisikia serikali.


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Ilifutwa, mzee. Mabaraza 80 ya miji yalifungwa 2014 kwa mkupuo. Serikali za mitaa zikashuka kutoka 114 hadi 31, na madiwani kutoka 1,627 hadi hao 949. Hata baraza la Portlaoise lililompa Adebari umeya halipo tena. Badala yake madiwani walewale wa kaunti wanakaa kwa makundi ya wilaya. Sisi tuna wilaya tano. Wazee ninaowahudumia kazini bado wanaomboleza baraza la mji utadhani wameondokewa na ndugu.

Na kabla hujaniuliza: shule, hospitali na polisi siyo kazi ya halmashauri hata kidogo. Wana barabara, nyumba, maktaba, zimamoto, mipango ya ardhi, viwanja vya kuchezea watoto. Maji walikuwa nayo, yakapelekwa shirika la taifa.


Mwana wa Kaunti:

Bado mimi nataka gavana wangu.


Binti Likoni:

Nenda Limerick. Mei 2019 walipiga kura ya maoni miji mitatu: je, tumchague meya wenyewe? Cork na Waterford wakakataa kwa kura chache, Limerick wakakubali. Juni 2024 wakamchagua John Moran, mgombea huru, zamani katibu mkuu wa wizara ya fedha. Meya wa kwanza Ireland kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, miaka mitano, na amechukua sehemu ya kalamu ya Mtendaji Mkuu. Madiwani 40 wa pale wanajifunza kuishi naye. Halmashauri nyingine zote 30 tunachungulia dirishani.


Kobe Mpole:

Haya, nimenyoosha mikono. Kaka yangu yuko Cork mwaka wa sita, hajawahi kujiandikisha, alikuwa anasema siasa za wazungu hazimhusu. Nimemtumia uzi. Anauliza: yeye anaishi Carrigaline, anapigia jiji au kaunti?


Binti Likoni:

Kaunti. Mipaka ya jiji ilipanuliwa 2019, Ballincollig, Blarney na Glanmire zikaingia jiji, Carrigaline ikabaki kaunti. Ajiandikishe mtandaoni, aandae namba ya PPS (namba yake ya utambulisho serikalini), tarehe ya kuzaliwa na Eircode (msimbo wa posta) ya nyumba. Akihama abadilishe anwani, asije akakuta jina lake mtaa mwingine.


Kobe Mpole:

Amejaza. Anasema imechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Sasa anataka kujua ampe nani namba mbili.


Mjukuu wa Bibi Tatu:

Mwambie asubiri mvua inyeshe 2029, watamgongea.